Mnyororo Ambao Baba Hakuugusa

Habari ya kifo cha Leokadia ilinikuta nikichagua mawe kwenye mchele. Binti yangu alipokea simu, akasikiliza, kisha akaniangalia kwa macho ya mtu anayetafuta pa kuanzia, nami nikamwambia aseme tu, mimi si mtoto. "Mama Deo wa Nyegezi amefariki, mama." Nikaweka ungo chini. Ningependa kuandika hapa kwamba nililia, lakini sikulia. Jambo la kwanza lililonijia ni kwamba nimechelewa. La pili, na hili ndilo baya zaidi, lilikuwa nafuu, nafuu ya mtu aliyekuwa akingoja kuitwa mbele za watu, mara akaambiwa arudi nyumbani, hahitajiki tena. Ndipo nikaona aibu, nikainuka kutafuta baibui langu.

Nilifika Nyegezi kabla ya adhuhuri. Sebule ilikuwa imeondolewa makochi, ikatandikwa mikeka ukuta kwa ukuta, na wanawake walikuwa wameketi wamenyoosha miguu, wengine wakiwa na rozari mkononi. Kutoka uani ilikuja harufu ya ndizi zinazochemka na moshi wa kuni mbichi. Picha ya marehemu ilikuwa juu ya stuli, anacheka, pengo lake linaonekana. Maiti ilikuwa bado hospitali, ingeletwa saa nane. Deo, mtoto wake wa pekee, alikuja mpaka mlangoni kunipokea. Nilimjua tangu siku aliyozaliwa, na sasa ana kipara na miwani, lakini aliinama vilevile kama zamani. "Shikamoo, Mama Mdogo." "Marahaba, baba. Pole sana, mwanangu." Nikatafuta nafasi karibu na ukuta, nikakaa, nikashika tama. Nyuma yangu wanawake wawili nisiowajua walikuwa wakinong'ona, kwa ile sauti ya msibani ambayo kila mtu anaisikia. "Huyu mama alipata tabu. Mume alimwachia mtoto ananyonya." "Kwa ugonjwa?" "Ugonjwa wapi! Pombe. Alishika mashine ya kukatia miti akiwa amelewa, ikamgeukia." "Mh! Wanaume." Zaidi ya miaka sitini imepita na uongo ule ulikuwa bado unatembea kwa miguu yake, mzima wa afya, na mimi ndiye niliyekuwa nikiulisha.

Mwaka aliokufa mume wa Leokadia ulikuwa mwaka wa Uhuru. Sitasimulia habari za ukoo wetu, hazina kazi hapa. Inatosha kusema kwamba nilikuwa na miaka kumi na tisa, naitwa Tausi, na niliishi na baba yangu katika nyumba ya kupanga kule Mabatini, nyumba ya ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na uani kuna jiko, mtungi wa maji na kipande cha gogo kilichofungwa jiliwa, kibanio cha chuma cha kushikia msumeno. Jiliwa hilo lilikuwa la Baba. Alikuwa fundi wa kunoa misumeno, na watu wa mbao wa Mwanza nzima walimjua. Misumeno ile ya kupasulia magogo ilikuwa mirefu kunizidi, na mshikio juu na chini, kwa sababu mtu mmoja husimama juu ya gogo na mwenzake shimoni, wanavutana kutwa nzima. Msumeno ukiwa butu, wale watu wawili wanakufa kwa kazi. Kwa hiyo waliuleta kwa Fundi Ramadhani, nao haukutoka nyumbani mpaka Baba apitishe dole gumba lake juu ya meno, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha aseme, "Nenda." Neno hilo moja. Wapasuaji walilingoja kama watu wanavyongoja dua imalizike.

Siri ya nyumba yetu ni kwamba Baba hakuwa akiona. Mtoto wa jicho alimwanza upande mmoja, akahamia wa pili, na mwaka ule alikuwa akitambua mwanga na kivuli tu. Mnoaji alikuwa mimi. Baba alikaa barazani na kofia yake, anapokea msumeno, anauliza habari za watu, na wenyewe wakishaondoka mimi nauburuta hadi uani, naufunga kwenye jiliwa na kuanza. Kwanza tupa bapa juu ya meno yote yawe na urefu mmoja, halafu tupa ya pembetatu, jino moja moja, na mwisho kuyapinda, moja kushoto moja kulia. Baba alinifundisha kwa sikio. Alikuwa barazani, mimi uani, ukumbi mzima katikati yetu, na bado alipaza sauti, "Hilo umelipiga mara nne! Mwenzake ulimpiga tatu!" Nami narudia. Alinifundisha kwamba kwenye msumeno hakuna jino la pambo, kila lililopo lazima likate, na butu ni aibu ya fundi. Nilikuwa hodari. Niseme ukweli, nilikuwa hodari kuliko yeye, na ilinichoma rohoni kuona sifa zote zinaishia barazani.

Aliyejua ni Leokadia peke yake, maana siri ya uani haifichiki kwa jirani wa uani. Walikuwa wamepanga chumba kinachopakana na chetu, yeye na mumewe Feliksi, Wahaya, Wakatoliki, wametoka Bukoba mwaka mmoja kabla. Yeye alinizidi miaka minne. Siku ya kwanza aliponikuta nimekaa mbele ya jiliwa na tupa mkononi, nikajua tumekwisha. Alisimama na bakuli lake la maharage, akatazama, akasema, "Kumbe fundi ni wewe, waitu," yaani mwenzetu kwa Kihaya. Nikamwomba asimwambie mtu. Akakaa chini akaanza kumenya ndizi. "Nimwambie nani? Mimi mwenyewe mgeni hapa." Tangu siku hiyo akawa dada yangu. Tulipika pamoja, yeye ndizi na maharage, mimi wali au ugali na sato, tunabadilishana sahani, na Baba alikuwa akinung'unika kwamba ndizi si chakula ila ni tunda lililokosea njia, huku akimaliza sahani yote.

Feliksi alikuwa mrefu, mpole, na alikuwa na desturi moja ambayo nadhani hakuna mtu aliyemfundisha. Kila alipotaka kupita ukumbini kuja uani alipiga mluzi, nota tatu fupi, ili sisi wanawake tujue mwanamume anaingia. Nikisikia mluzi, navuta kanga kichwani, na hapo ndipo anatokea. Leokadia alimcheka, "Unajitangaza kama gari moshi!" Naye alijibu, "Hapa ni nyumbani kwa watu, mama." Alikuwa mkataji kwenye uwanja wa mbao kule ziwani, na baada ya mvua za masika tajiri wake alinunua msumeno wa mnyororo, ambao vijana wa leo wanauita chenso. Sisi tuliuita mashine tu. Feliksi ndiye aliyechaguliwa kuushika. Siku aliyouleta nyumbani kutuonyesha, Mabatini nzima ilijaa mlangoni kwetu. Aliuwasha, watoto wakakimbia, kuku wakakimbia, Baba akaziba masikio akasema, "Hicho kitu kina hasira." Leokadia alikuwa na mimba ya Deo. Alitazama mikono ya mumewe inavyotetemeka na mashine ile, na hakucheka.

Ilipofika Novemba, Deo amezaliwa na kubatizwa, mnyororo ukawa butu. Mwingine ulikuwa umeagizwa Nairobi na haujafika. Na wakati huohuo zilitakiwa mbao za jukwaa la sherehe za Uhuru, na mvule mkubwa ulishachaguliwa kule Nyegezi, karibu na maji, wakati ambapo Nyegezi ilikuwa bado mawe na vichaka. Tajiri akasema mnyororo unolewe, kwani Mwanza hakuna wanoaji? Jumatano Feliksi akaja na mluzi wake, amebeba mnyororo ndani ya kopo la biskuti, akamkabidhi Baba barazani. Baba aliuchukua akauweka mapajani. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikaona dole lake linavyotembea, linasimama, linarudi nyuma. Feliksi alipoondoka Baba aliniita. "Huu una meno ya namna mbili. Haya makubwa yaliyopinda, noa, kwa tupa ya mviringo. Lakini mbele ya kila moja kuna hiki kidogo, unakisikia? Kimefutwa kichwa. Viache hivi mpaka nimpate mtu wa kumuuliza." Nikasema sawa, Baba.

Nilinoa meno makubwa Alhamisi yote. Yalitoka mazuri, yanang'aa. Lakini vile vidogo vilinikera. Vilikuwa zaidi ya thelathini, kila kimoja kimekaa mbele ya jino kubwa, kifupi kidogo, kichwa cha mviringo, butu kabisa, na kwa macho yangu na kwa yote niliyofundishwa, yale yalikuwa meno yaliyokwisha. Nilifikiri Wazungu wameyaacha bila kuyamaliza, au yamelika kwa kazi. Nilijisemea kwamba Baba anaogopa kwa sababu haoni. Nilijisemea pia, na hili sikuwahi kulitamka mbele ya mtu, hata kule Nyegezi, kwamba mashine ile ikikata kuliko siku ilipotoka dukani, Feliksi atauliza, na Leokadia atashindwa kujizuia, na mtu mmoja angalau mjini atajua fundi ni nani. Ila nisingeweza kuvigusa Baba akiwa nyumbani. Tupa ya pembetatu ina sauti yake, angeijua kabla sijafika cha pili. Nikangoja Ijumaa. Baba akaoga, akavaa kanzu, mtoto wa jirani akamshika mkono kwenda msikitini. Walipopinda kona nikaketi mbele ya jiliwa, nikavinoa vyote, kimoja kimoja, mara tatu tatu, mpaka kila kimoja kikawa na ncha kama sindano ya kushonea magunia. Leokadia alikuwa jikoni amembeba Deo mgongoni. Aliniona. Aliniona nikifanya kazi yangu kama siku zote.

Mluzi ukasikika. Nikavuta kanga. Feliksi alikuja na haraka, lori liko barabarani linamngoja, wanakwenda kulala Nyegezi waanze kazi alfajiri. Leokadia akamlazimisha ale kwanza, akala amesimama, ndizi na maharage na kipande cha samaki nilichompa mimi. Akaomba maji, nikamtekea mwenyewe kutoka mtungini. Chini ya kwapa alikuwa na chupa ya rubisi, pombe ya ndizi, iliyobaki kwenye ubatizo, mdomo umezibwa kwa jani la mgomba lililofungwa kamba. Leokadia akamwuliza hiyo inakwenda wapi. "Ya vijana, wakimaliza kazi," akasema, "mimi na mashine hii hatunywi pamoja." Nikampa kopo la biskuti. Alilifunua, akatazama, akapiga mluzi mwingine, wa kushangaa. Halafu akauliza swali alilouliza kila mpasuaji wa Mwanza. "Mzee ameshapitisha dole?" Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Nilikuwa na nafasi ya kusema ngoja, anakaribia kurudi, msikiti si mbali. Nikasema, "Ameshapitisha. Amesema nenda." Akafunika kopo. Akaingiza kidole kwenye ngumi ya Deo, mtoto akakishika, wakacheka, akaondoka.

Jumamosi saa nne asubuhi lori lilirudi. Sitaandika walivyomwona, kwa sababu sikumwona mimi, walimpeleka hospitali moja kwa moja kwa ajili ya kuoshwa. Wale vijana walisema mashine iliingia kwenye gogo kwa pupa ambayo hawajawahi kuiona, vumbi la mbao likatoka mapande mapande, wakashangilia. Kisha ikang'ata, ikaruka nyuma, ikamfikia shingoni. Chupa ya rubisi ilikuwa karibu na miguu yake, imevunjika alipoanguka, kwa hiyo kila aliyefika pale alikuta harufu ya pombe juu ya maiti. Ilitosha. Kufika jioni, mji mzima ulijua kwamba Feliksi alikuwa amelewa, na waliokuwa wakisema kwa sauti kubwa zaidi ni wale waliokunywa kwenye ubatizo wake. Mimi nilimtekea maji kwa mkono wangu. Nilijua. Lakini siku hiyo bado nilidhani ninajua jambo moja tu.

Siku ya sita ya msiba alikuja fundi wa mashine, kijana kutoka Nairobi aliyeleta mnyororo mpya. Alimkuta Baba barazani. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa ukumbi na sinia la chai, nikasimama. "Shikamoo, mzee. Huu mnyororo ulinolewa hapa?" Nikasikia kopo linafunguliwa. "Nani aligusa hivi vya mbele?" Nikajua, ingawa simwoni Baba, kwamba dole lake linatembea. Lilitembea muda mrefu. Yule kijana akaendelea kwa upole, kama anayemwonea haya mtu mzima, "Mzee, hivi si meno. Hivi ndivyo vinavyoizuia mashine isile kupita kiasi. Vikichongwa hivi, inajizamisha yenyewe, halafu inamrukia mtu. Namwuliza mzee kwa sababu ni lazima niandike." Nikaliweka sinia chini sakafuni. Baba akasema, "Ni mimi. Macho yamenidanganya. Andika mimi." Kisha yule kijana akasema kwamba ataandika mashine iliruka, basi, maana mashine huruka, na kuandika jina la mzee hakutamrudisha mtu. Akaacha kopo barazani akaondoka. Baba akakaa pale mpaka jua likamfikia miguuni, halafu akasema, si kwa sauti ya kuita, kwa sauti ya kawaida tu, akijua nilipo, "Nilikuambia uviache." Hakuongeza neno siku hiyo wala siku nyingine yoyote mpaka alipokufa.

Asubuhi yake kopo halikuwepo barazani. Nilidhani Baba amelitupa ziwani. Sasa nadhani Baba alidhani nimelificha mimi. Hatukuulizana. Kuna nyumba ambazo watu hugombana mpaka majirani wanaingia kuamua, na kuna nyumba kama yetu ilivyokuwa baada ya pale, watu wawili wanakula sahani moja, wanapeana chumvi, na kila mmoja anamwogopa mwenzake kwamba atafungua mdomo. Nikipika, chakula hakikuwa na ladha. Saa saba mchana, saa ya Feliksi kurudi kula, niliusikia mluzi ukumbini, nota tatu, nikavuta kanga kichwani na kugeuka. Hakuna mtu. Leokadia alikuwa akinitazama kutoka mlangoni pake, naye mkono wake ulikuwa umefika kichwani, unashika kitambaa.

Mvule haukuachwa. Tajiri aliirudisha kazi kwa watu wa shimo, na watu wa shimo waliileta misumeno yao kwa Fundi Ramadhani, tena kwa haraka, sherehe zinakaribia. Niliinoa mimi. Niliketi kwenye gogo lile lile, na Leokadia akiwa chumbani kwake na kitambaa cheusi, ukuta mmoja katikati yetu, ananyonyesha huku akisikia tupa yangu. Baba hakupaza sauti tena kunihesabia. Mchana wa sherehe nilikwenda uwanjani pamoja na mji mzima, bendera mpya inapepea, watoto wa shule wamepangwa kwa mistari, ngoma za Wasukuma zinapigwa mpaka kifua kinatetemeka. Nilitaka kufurahi. Nilikuwa na umri wa kufurahi. Lakini nilikuwa karibu na jukwaa, na mbao zake hazikuwa zimepigwa randa upande wa chini, nikaona mikwaruzo ya msumeno ninayoifahamu, na pembeni kabisa ubao mmoja ulikuwa na mkato wa mashine, mpana, mbaya, uliochimbwa kwa nguvu kisha ukaachwa njiani. Juu ya ubao huo walikuwa wamesimama waheshimiwa, wanapunga mikono. Nilipiga makofi na wengine. Wanangu wameniuliza mara nyingi Uhuru ulikuwaje, nami nimewaambia ulikuwa mzuri sana, na ni kweli, ulikuwa mzuri, ila mimi niliuona kupitia mkato ule.

Leokadia alihama kabla ya mwaka kwisha. Watu walitegemea arudi kwao Bukoba, yeye akaenda kujenga kibanda Nyegezi, mahali ambapo kila mtu aliona hapafai, akapanda migomba yake kati ya mawe. Alipokuwa akifunga mzigo nilimshikia Deo. Alinikabili akaniuliza, "Huna la kuniambia, Tausi?" Nikasema, "Mungu akutangulie, dada." Akanitazama kidogo, akamchukua mtoto. Tangu hapo tulionana kila mwaka, harusi yangu, mazishi ya Baba, kipaimara cha Deo, harusi ya Deo, sokoni, hospitalini tulipokuwa vikongwe na miguu inavimba. Hakuacha kunitembelea, hakuacha kuniletea ndizi. Na kila tulipoagana, akiwa ameshanipa mkono, aliniuliza lile lile. Nilimjibu maneno ya heri. Wakati Baba yu hai, nilijiambia ninamlinda Baba. Alipokufa, nikajiambia ninalinda jina lake. Nilipoolewa, nikajiambia nina watoto. Sababu zilikuwa nyingi na zote zilikuwa za heshima, na katikati ya hizo Deo alikua akiitwa mtoto wa mlevi, na aliapa kutokunywa, na alikataa hata togwa, ili asiwe kama baba yake ambaye siku ile alikunywa maji.

Basi pale sebuleni, wale wanawake wawili wamehamia kwenye bei ya mchele, nikasikia mluzi. Ulitoka ukumbini, nota kadhaa tu, na mkono wangu ukapanda wenyewe kuvuta mtandio ambao tayari ulikuwa kichwani. Akatokea mjukuu wa Deo, mvulana wa miaka mitano hivi, na mtu akamkemea, hapa ni msibani, acha mluzi. Deo alikuwa nyuma yake na birika la maji ya kunawa. Nilisikia mdomo wangu unasema, kwa sauti iliyonishtua mimi mwenyewe, "Feliksi hakuwa amelewa." Rozari zikasimama. "Deo, baba yako hakuwa amelewa. Alikunywa maji, nilimpa mimi. Mnyororo niliunoa mimi, si Baba. Nilinoa visivyonolewa, Baba alinikataza nikavinoa. Feliksi akaniuliza kama Mzee amepitisha dole, nikamwambia ndiyo. Nilimdanganya. Alikwenda kwa sababu nilimwambia aende." Nililia hapo, kwa kelele, kama mtoto, na sikuona haya. Nilingoja anifukuze. Nilikuwa na miaka sitini na zaidi ya kujiandaa kufukuzwa.

Deo aliweka birika chini. Aliingia chumba cha mama yake, akakaa kidogo, akatoka na kopo la biskuti, rangi yote imetoka, kutu imekula kifuniko. Akachuchumaa mbele yangu. "Mama aliniambia yote mwaka jana, alipoanza kuumwa. Siku ile fundi alipokuja alikuwa chumbani, alisikia kila kitu. Ndiye aliyelichukua hili." Nikashindwa kulipokea. "Alisema, Tausi akija akasema mwenyewe, mpe. Akija akakaa akanyamaza, msimwulize kitu, mpeni chakula ale, na kopo mniwekee kwenye jeneza." Nikamwuliza, na nilijua jibu kabla sijamaliza, "Kwa nini hakuniuliza, mwanangu? Miaka yote hiyo?" Deo akaniwekea kopo mapajani. "Alisema alikuuliza, Mama Mdogo. Kila mlipoonana."

Nililifungua. Leokadia alikuwa ameupaka mnyororo mafuta, si mara moja, mafuta ya miaka, tabaka juu ya tabaka, na haukuwa na kutu hata kidogo. Wanawake wote walikuwa wakinitazama na Deo alikuwa akinitazama. Nikapitisha dole gumba juu ya kijino cha kwanza, taratibu, kama Baba alivyopaswa kufanya Ijumaa ile kama ningemngoja. Ncha ikanichoma. Na Mungu anisamehe, kabla sijamkumbuka Feliksi, kabla sijamkumbuka Leokadia, nilichoona ni kwamba nilikinoa vizuri.